Kochi la Rangi ya Damu ya Mzee

Jumatatu, 8 Juni

Mtaa mzima unaisimulia vibaya. Muuza mkaa anasema nimechoma nyumba ya binti yangu. Fundi viatu anasema nimechoma mapazia. Mke wangu, ambaye alikuwepo, na miwani kavaa, anasema nimechoma zulia. Waongo wote. Nimechoma uzi. Uzi mmoja. Zulia lilishika lenyewe.

Naandika humu kwenye daftari la vipimo vya wateja ili ukweli uwe na mahali pa kukaa. Shule sikusoma. Herufi nilijifunzia kwenye majora ya vitambaa, ndiyo maana mpaka leo naandika "pamba tupu" vizuri kuliko jina langu.

Ukweli ni huu. Kitinda mimba wangu kahamia nyumba yake, yeye na mumewe. Jumapili mama mkwe wake anakuja kuiona kwa mara ya kwanza, na yule mama anasifika kwa kutazama vitu. Sebuleni kuna kochi moja refu, kuukuu. Linataka kitambaa kipya. Na madirisha yanataka mapazia. Sasa mimi nimepiga makochi miaka arobaini na mbili. Watoto wangu wote wakubwa, kila mmoja kwake anakalia kazi ya mkono wangu. Kabaki huyu mmoja. Na huyu mmoja kampa kazi nani? Katalogi.

Katalogi, jina nimempa mimi, na kazi nimemfundisha mimi. Alikuja kwangu hajui sindano inaingilia upande gani. Leo ana tumbo, ana duka la vioo, na ana kitabu cha vipande vya vitambaa anachokibeba kwa mikono miwili kama kabeba mtoto wa bosi. Haanzi na kupima kochi. Anaanza kukuuliza unataka sebule yako iseme nini. Sebule iseme! Yangu ikisema, nahama.

Jana nimemkuta kwa binti yangu, kitabu wazi mezani. Wameshachagua rangi ya majivu. Kochi majivu, mapazia majivu, foronya za mito majivu. Nikauliza nani kafa. Katalogi akanijibu kwa upole ule unaotia hasira, kwamba hiyo ni katani safi. Nikasema katani safi haimeremeti hivyo. Akasema ni katani, mwalimu wangu. Basi. Fundi akibishiwa hatumii mdomo, anatumia kiberiti. Unachomoa uzi, unauwasha. Katani inanuka karatasi na kuacha jivu. Plastiki inajikunja na kudondosha tone. Nikachomoa, nikawasha. Tone likadondoka. Nilikuwa sahihi, na kipande hicho hakuna anayekisimulia. Wanasimulia tone lilipodondokea. Wanasimulia na maji, kwamba yalikuwa mengi kuliko moto, na kwamba niliyamwaga mimi, na kwamba kitabu cha Katalogi kilikuwa njiani.

Eti nilifukuzwa. Sikufukuzwa. Binti yangu alinifungulia mlango akasema, baba, nenda ukapumzike. Kwa bahati nilikuwa nimechoka.

Jumanne, 9 Juni

Sijalala vizuri kwa hasira. Majivu!

Mke wangu kaniweka kitako asubuhi. Kasema nyumba ni ya mtoto, achague mwenyewe, hata akitaka kuvika kochi magunia. Nikasema magunia ningemruhusu, magunia ni katani. Hakucheka. Akaja na habari ya macho yangu. Eti wiki iliyopita nimesimama mbele ya duka la nguo nikaisalimia ile sanamu ya dirishani, nikaiuliza na habari za watoto. Si macho hayo. Ile sanamu imevaa kiheshima, na mimi nina adabu.

Chini ya kitanda chetu kuna jora la mahameli. Rangi ya damu ya mzee. Mahameli nzito, ukiikunja inapumua. Nililiweka mwaka aliozaliwa huyu kitinda mimba, nikaapa siku atakayokuwa na sebule yake ndilo litakalokaa juu ya kochi lake. Wateja wameliomba. Mmoja alipiga magoti. (Alikuwa anatafuta kifungo, lakini alipiga magoti.) Nimekataa wote. Kila mwaka nabadilisha vidonge vya kufukuza nondo. Halafu mtoto anakuja kuchagua majivu!

Nimepeleleza. Katalogi atalichukua kochi Ijumaa, siku hiyohiyo atakayotundika mapazia. Nina siku tatu. Mtego umeshaiva kichwani.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda kuomba radhi. Kuomba radhi ni kazi ngumu kuliko kuchuna kochi, hasa ukiwa huna kosa. Nikaomba. Halafu nikakaa kwenye kochi lake, nikarukaruka kidogo, nikapiga kelele ya mtu aliyechomwa.

Nikamwambia, mama, spring imekatika hapa. Mama mkwe wako ni mtu mzito, akikaa hapa Jumapili mtamtoa kwa koleo. Akacheka. Alipocheka nikajua nimempata, maana tangu mdogo huyu akicheka anatoa kila alichoshika. Akasema haya, baba, spring tu. Kitambaa usiguse. Nikasema, mimi, kitambaa? Hilo lilikuwa swali. Mwenye kulisikia kama ahadi, shauri yake.

Mume wake kanisaidia kulibeba hadi kwangu. Kijana ana mabega, hana maswali. Ndiyo mkwe huyo.

Nimelificha stoo, mke wangu asione. Stoo ina dirisha, ila linatazama ukuta wa jirani. Haidhuru. Mkono hauhitaji taa.

Spring zote zilikuwa nzima. Nimekata moja ili nisiwe mwongo.

Alhamisi, 11 Juni

Kazi! Nimechuna kitambaa cha zamani chote. Nimekaza mikanda. Nimetandaza mahameli chini, nikakata vipande kumi na moja bila kupima mara mbili. Mke wangu akapita mlangoni akauliza kelele gani, nikamwambia panya. Akasema panya hao wana nyundo. Akaenda zake. Nadhani anajua. Miaka yote hii anajua kila kitu na anasubiri tu kiharibike.

Niandike hapa jambo ambalo kina Katalogi hawatalijua hata wakiota. Mahameli ni paka. Ina kichwa na ina mkia. Manyoya yake yamelala upande mmoja, ukipapasa kutoka kichwani inateleza, ukipapasa kutoka mkiani inasimama. Kila kipande sharti kielekee kulikoelekea mwenzake. Ukigeuza kimoja juu chini, kitambaa kilekile, jora lilelile, kitaonekana rangi nyingine kabisa. Wanafunzi wangu wote nimewapiga rula kwa kosa hilo. Katalogi nimempiga mara mbili.

Vipande vyote nimevipapasa kabla ya kupiga misumari. Vimeteleza vizuri. Kwa kweli vimeteleza kokote nilikopapasa. Mahameli ya zamani hiyo, si hizi za leo.

Jioni nimelitazama pale stoo. Zuri mpaka nikalitukana. Kesho majivu yatajificha.

Ijumaa, 12 Juni

Dirisha la sebule ya binti yangu limewekwa vibaya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo chanzo cha yote. Dirisha kubwa vile, mbele ya kochi moja kwa moja, nani kaagiza?

Tumelipeleka saa tisa, mimi na mkwe, limefunikwa shuka. Katalogi alikuwa juu ya ngazi, anatundika mapazia yake. Binti yangu katoka kazini mapema ili alione kochi linavyoondoka kwenda kuvishwa majivu. Nikasema haliondoki tena. Nikavuta shuka kwa mbwembwe.

Nusu ya kulia nyeusi kama ini. Nusu ya kushoto nyekundu kama fizi. Katikati mstari umenyooka kabisa, maana mshono wangu hauna kasoro. Ungesema makochi mawili ya nyumba mbili zisizosalimiana yameshonwa pamoja.

Nikasubiri mtu aseme. Mkwe akaangalia viatu vyake. Binti yangu akakaa chini, sakafuni, mbele ya kochi lake mwenyewe. Hakulia. Ingekuwa heri alie. Akasema polepole, baba, nilikuomba spring. Halafu akasema kesho kutwa ndiyo Jumapili, na yule mama hajaingia nyumba hii, na cha kwanza atakachokiona ni hiki.

Nikamweleza habari ya dirisha. Nikamweleza na kwamba siku hizi majengo hayajengwi na watu wenye akili.

Katalogi akashuka ngazi. Akaweka kiganja juu ya mahameli, akapapasa mara moja kwenda, mara moja kurudi. Akanitazama. Alijua. Nami nikajua kwamba anajua. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale kwa kunyamaza. Angesema, ningempiga. Yeye akamgeukia binti yangu akamwambia, usiwe na wasiwasi, mahameli nzito ikitoka kushonwa huwa bado haijalala, mzee ataimalizia kesho.

Haijalala! Uongo wa kitoto kabisa. Nani kamfundisha kudanganya wateja? (Mimi. Lakini si hivyo.)

Mke wangu alinifungulia mlango akarudi jikoni. Hasira yangu yote nimeimalizia kwenye mto. Mto wenyewe kazi yangu, haukupasuka.

Jumamosi, 13 Juni

Nimelirekebisha. Peke yangu.

Mito ya kukalia ya ile nusu nyeusi nimeigeuza nyuma mbele, zipu zikatazama ndani. Hiyo ni nusu ya kazi. Migongo ya nusu hiyohiyo nimeing'oa misumari, nikageuza vipande juu chini, nikavikaza upya. Binti yangu na mumewe nimewapeleka kwa mke wangu wasinipumulie shingoni.

Katalogi alikuja saa mbili asubuhi na mashine yake ya kupiga pini. Nimemfukuza. Nimemwambia mbele ya mlango, kijana, sikio halipiti kichwa, rudi kwenye kitabu chako, kama kimekauka. Akaondoka kanywea kama sponji ya bei rahisi. Nikamfukuza tena saa sita, baada ya kula.

Saa kumi kochi lilikuwa rangi moja, kuanzia mkono hadi mkono. Binti yangu aliporudi akalizunguka, akakaa, akalaza kichwa nyuma, akafumba macho. Hakuniambia asante. Alisema, baba, linanuka kama chumbani kwenu nilipokuwa mdogo. Nikatoka kwenda kuangalia kama mvua itanyesha.

Jumapili, 14 Juni

Mama mkwe kaja. Si mzito kama nilivyodai, ni mkubwa wa sauti tu. Kaingia, kasimama, katazama. Akapapasa kochi, akauliza kazi hii ya nani. Binti yangu akasema ya baba. Yule mama akasema fundi wa namna hii hayupo tena. Nikasema hayupo kweli, nilimtafuta sana.

Halafu akaharibu. Akageukia mapazia. Akasema mapazia haya ndiyo yanayolifanya kochi lionekane, kwamba rangi ya majivu inaikalisha chini ile nyekundu kama dada mkubwa anavyomkalisha mdogo. Akauliza ni ya nani. Sebule nzima ikanitazama mimi. Nikakohoa. Nikasema ya mwanafunzi wangu mmoja, ana bidii.

Hasira imenipanda mpaka masikioni. Kwa sababu ni kweli. Yanapendeza. Plastiki tupu, na yanapendeza. Nimekula kimya mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 15 Juni

Nimebakiwa na mita sita za mahameli.

Leo nimempitia binti yangu asubuhi kabla hajaenda kazini. Nimemwambia kwamba jana, wakati wa kula, nilisikia viti vyake vya meza vinalia. Vyote sita. Akaniambia viti ni vya mbao tupu, baba, havina hata kitambaa. Nikasema ndiyo maana vinalia. Akasema atafikiria. Kwangu mimi atafikiria ni ndiyo iliyochelewa. Viwili viko stoo tayari, nimepita navyo mlango wa jikoni. Na ubao wa kichwani wa kitanda chao nao uko uchi. Aibu.

Safari hii sihitaji mtu. Nimeshajua tatizo lilikuwa dirisha. Nitafanyia kazi stoo kulekule, ila nitafungua mlango.

Jambo moja tu, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Jumamosi sikumfukuza Katalogi. Alipokuja nilikuwa nimekaa sakafuni, vipande viko mapajani, sijui kipi kinaelekea wapi. Akakaa na yeye, tumbo na yote. Akasema vidole vyako vimekuwa ngozi ya kiatu, mwalimu wangu, tumia shavu. Akachukua mahameli akanipitishia shavuni, kwenda na kurudi. Nikaisikia. Kichwa kule, mkia huku, wazi kabisa. Nikamwambia hilo la shavu nilikufundisha mimi. Akasema ndiyo. Sikumfundisha.

Kwa hiyo la kumfukuza nimelitunga. Vipande aligeuza yeye, vyote. Mimi nilimshikia misumari, na nilimwambia kila mmoja anaupiga vibaya.