Msuli wa Cheo

Watu walimwita Dokta, naye kwa adabu aliyolelewa nayo hakuwahi kumkatalia mtu. Asubuhi ile alikuwa amesimama nje ya dirisha la jimu, anatafuna karanga na kutazama jinsi watu wanavyoteseka ndani.

Ndani, mbele ya picha kubwa ya mtu aliyechunwa ngozi ili misuli ionekane, alisimama Kocha. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, aliyeisomea kazi yake miaka miwili na kufaulu, jambo ambalo halikuwa limemsaidia sana. Wanafunzi wake walikuwa wanaume kumi na wawili wenye vitambi na vyeo vyao mjini. Mstari wa mbele alikuwepo mkandarasi wa majengo na, pembeni yake, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja na kalamu.

"Msuli unavuta, hausukumi," Kocha alikuwa anasema. "Unaanzia kwenye mfupa mmoja na kuishia kwenye mwingine. Ukiupa kazi kidogo zaidi ya ile uliyoizoea, kisha ukaupumzisha, unakua. Baada ya wiki kumi na mbili mtaanza kujiona."

"Wiki ngapi?" Mkandarasi aliuliza.

"Kumi na mbili, mzee. Na kulala mapema, na kupunguza mafuta."

Nyuso kumi na mbili zilisawijika kwa pamoja. Dokta aliziona, akafuta mikono kwenye suruali. Watu wazima kumi na wawili wanataka misuli ila hawataki kuitolea jasho! Wenzake walizunguka mji mzima kuhemea riziki, na yeye yake ilikuwa imemngoja dirishani.

Jimu ilikuwa mali ya mjomba wake Kocha, mzee mwenye nyumba tatu na tabia ya kujitaja kwenye mazungumzo ya watu wengine. Kesho yake Dokta alimfuata ofisini, amevaa koti jeupe lililokuwa la muuza nyama kabla halijafuliwa vizuri.

"Mzee wangu, samahani, naomba nikushike mgongo."

"Kwa nini?"

"Tangu ulipopita pale mlangoni nimesema, huyu anao."

Mjomba hakujua ni nini, lakini hakupenda kukutwa hana. Aligeuka. Dokta aliweka vidole viwili chini ya bapa la bega la kushoto, akafumba macho.

"Upo," alisema taratibu. "Tena umeshiba."

"Nini?"

"Msuli wa Cheo."

Alimweleza bila haraka. Msuli huo, alisema, hupatikana kwa watu wenye madaraka tu. Vitabu haviutaji, kwa sababu maiti zinazopasuliwa vyuoni ni za watu wa kawaida. Kwenye kioo hauonekani, maana uko mgongoni na ndani, na hauhitaji vyuma wala kukimbia. Unahitaji kusimama wima, kidevu juu, na kuvuta pumzi kama mtu anayesubiri kuamkiwa.

Mjomba alijaribu kujipapasa mgongoni, mkono ukaishia kiunoni.

Kabla ya wiki kwisha, wanafunzi wote walikuwa wamepapaswa, na wote wakakutwa nao. Kila jioni walisimama wima ukumbini dakika kumi, kidevu juu, na Dokta akipita nyuma yao kama mkaguzi wa gwaride. Matokeo yalikuja haraka.

"Leo mlinzi wa benki kanifungulia mlango kabla sijafika," Mkandarasi alitoa ushuhuda.

"Mke wangu kanipisha jikoni," alisema Mwalimu Mkuu. "Hajawahi."

Kocha alimwendea mjomba wake amefura.

"Mjomba, hakuna msuli wa hivyo! Misuli yote naijua kwa jina. Huyu mtu anawavika kilemba cha ukoka."

Mjomba alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, huwezi kuujua. Bado huna."

"Mjomba!"

"Sikiliza. Jumamosi wanafunzi wanampa Dokta ada ya mwaka mzima, na Jumatatu nampa ukumbi. Wewe nitakuweka mapokezi, utakuwa unagawa taulo."

Ukumbi ule Kocha alikuwa ameupaka rangi kwa mikono yake, na picha ile ya misuli aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alikwenda nyumbani akalia kwa uchungu wa kweli. Kisha akanawa uso, na kwa kuwa hasira zilimkataza kulala, alikaa kitandani akautafakari ule msuli kama kwamba upo.

Dokta naye alikuwa na fikra zake. Jumamosi saa sita atapokea bahasha kumi na mbili, na saa nane kuna basi.

Siku ilipofika, bahasha zilipangwa mezani chini ya ile picha, na Mjomba alikuwa ameshahutubia mara mbili. Ndipo Kocha akaingia ameinamisha kichwa.

"Dokta, nimekuja kukuomba radhi mbele ya wazee hawa. Nilikupinga kwa ujinga wangu."

Dokta alifurahi kupita kiasi, na hilo ndilo lililomponza. Mtu mwenye bahasha kumi na mbili mezani angeshukuru na kufunga kikao.

"Uliza lolote, dada yangu. Elimu si siri."

"Msuli wetu unaanzia wapi?"

"Kwenye bapa la bega."

"Unaishia wapi?"

"Ubavu wa tatu," alisema Dokta, ambaye mbavu alizijua za kuchoma.

"Wewe mwenyewe unaufanyisha mazoezi?"

"Kila siku, mwaka wa kumi na tano sasa."

"Bila kuupumzisha?"

"Cheo hakina likizo!"

Wakampigia makofi. Kocha naye alipiga.

"Basi naomba niushike huo wa kwako. Nataka nijue uliokomaa unakuwaje."

Dokta hakuwa na namna ya kukataa, akampa mgongo. Sasa, kati ya bapa la bega na uti wa mgongo pana misuli halali kabisa, na mtu aliyelala miaka mingi kwenye vitanda vya nyumba za wageni huwa na fundo pale. Kocha alikuwa ameyatoa mafundo ya namna hiyo kwa mamia. Alilitafuta kwa utulivu, akaliwekea dole gumba, akaegemea.

"Mama yangu wee!" Dokta aliruka.

Wazee wakasogea karibu.

"Poleni, wazee," Kocha alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za msiba. "Umechanika."

"Haujachanika!"

"Nikigusa hapa je?"

"Aii!"

"Kila msuli una sheria zake," Kocha aliwageukia. "Ukifanya kazi kila siku bila mapumziko, unachanika. Huu umepigishwa kazi miaka kumi na tano."

"Ni kweli, amekiri mwenyewe," alisema Mwalimu Mkuu. "Nimeandika."

Dokta alipiga hesabu kwa kasi. Akisema msuli umechanika, ni mgonjwa. Akisema haupo, wanaume kumi na wawili waliokwisha kuwatambia wake zao watataka kujua walichokuwa wamesimamia. Alimtazama Mkandarasi, mtu aliyeanza maisha kwa kubeba mifuko ya saruji.

"Kweli," alisema kwa shida, "nilikuwa nahisi kitu."

Kocha alitoa bendeji mfukoni, akaufunga mkono wa kushoto wa Dokta kifuani. "Asibebe kitu. Hata bahasha."

"Wa kulia ni mzima," Dokta alisema, akiunyoosha kuelekea mezani.

"Misuli inafanya kazi kwa jozi, Dokta. Wa kulia ukivuta, wa kushoto unaumia." Akaufunga na ule. Kisha akazikusanya bahasha. "Wiki kumi na mbili atapona."

"Na sisi?" Mjomba aliuliza, amejishika mgongo. "Wetu si utachanika pia?"

"Hautachanika, Mjomba, ukishikiliwa na wenzake. Huo unashikwa na mgongo, mgongo unashikwa na makalio, makalio yanashikwa na mapaja. Chuchumaeni."

Wakachuchumaa, wote kwa mpigo, hata wale ambao mwezi mzima walikuwa na barua za daktari za kuwakataza mazoezi.

Habari ya ukumbi kubadili mikono haikutajwa tena. Dokta alipewa chumba nyumbani kwa Mjomba, akawa analishwa kwa kijiko. Siku ya tatu alitoroka, begi shingoni, akafika karibu na kituo cha mabasi.

"Dokta! Unabeba?" Mkandarasi alikuwa akikimbia upande wa pili wa barabara, mazoezi ya Kocha. Alimvua begi, akambeba na yeye, akamrudisha. Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake, maana walimpenda.

Kocha aliongeza uzito kila Jumatatu, kidogo kidogo, kama sayansi inavyotaka. Vitambi vilishuka. Alhamisi aliwafundisha picha ya ukutani, msuli mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu Mkuu aliwatungia mtihani. Wiki ya tisa Mkandarasi alinyanyua chuma ambacho zamani walikivuta watu wawili, na Mjomba akatangaza kwamba siku bendeji itakapotolewa, Dokta atavua shati mbele ya wote, na kila mwanafunzi, kwa elimu aliyonayo sasa, aweke kidole auoneshe Msuli wa Cheo.

Dokta alisikiliza tangazo hilo akiwa kwenye kiti chake cha mgonjwa. Aliyatazama mabega kumi na mawili mapana, akayatazama na yale mapaja.

Kocha alipokuja kukaza bendeji, Dokta alimsogelea sikioni.

"Dada yangu," alinong'ona, "nakuomba. Niongezee wiki."