Kumi na Mmoja Wanaongoja Udongo Ulainike

Jumatatu, 20 Aprili

Barua kutoka Philadelphia! Nimekubaliwa, lakini kwa masharti. Mwaka mmoja wa kemia, biolojia na fizikia, kwa watu kama mimi wenye shahada ya kitu kingine na wanaotaka kusomea udaktari. Yangu ni ya tarumbeta. Nina miaka thelathini na miwili.

Wanataka uthibitisho wa saa mia moja za kuwahudumia wagonjwa, na barua ya mtu niliyemhudumia au anayenifahamu kazini. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe mosi Mei, saa kumi na moja jioni. Kisha nihame.

Hapo ndipo penye tatizo. Baba ana nyumba ya mazishi, biashara ya kuandaa na kuzika wafu, na mgongo wake umekwisha. Mimi ndiye mbeba majeneza. Nikienda, nani atabeba? Nikibaki, nitazika watu wa mji wetu huu wa Ringstad mpaka wanizike wao.

Dukani nimekutana na Corinne Haugdahl. Ni wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri ya chuo hichohicho. Ana saa mia nne za zahanati, wagonjwa halisi. Ameniuliza kama nimeamua. Nimesema bado. Akatabasamu, akasema ngojangoja huumiza matumbo. Matumbo ya nani? Yake yalionekana mazima kabisa.

Jumanne, 21 Aprili

Nimepata njia! Nashangaa sikuiona mapema.

Majira ya baridi udongo wetu huwa mgumu kama chuma, hauchimbiki. Wanaofariki tunawaweka kwenye chumba cha mawe pale kilimani, wangoje. Mwaka huu wako kumi na mmoja. Kila siku tangu Desemba mimi hupanda kuwaangalia: unyevu, bawaba za mlango, panya. Nikimaliza hukaa juu ya kreti na kuzungumza nao kidogo. Nawasomea barua za vyuo. Nawasomea orodha yangu ya faida na hasara za kuhama. Ni wasikilizaji wazuri kuliko familia nzima ya mama yangu.

Nimepiga hesabu. Saa mia mbili na kumi na mbili! Nimejaza fomu. Waliohudumiwa: kumi na mmoja. Hali zao: tulivu. Malalamiko: hakuna.

Baba ameisoma fomu, akaiweka mezani, akasema fomu hiyo ni ya aina yake. Kwa Baba hayo ni matusi. Nimeituma hata hivyo.

Jumatano, 22 Aprili

Bado barua. Angekuwa hai Bi. Alma Sorvig, angeniandikia. Alikuwa karani wa shule miaka arobaini, kila kijana wa hapa aliyefika mbali alisukumwa na barua yake. Lakini alifariki tarehe kumi na tisa Januari. Yuko kule kilimani, rafu ya chini, upande wa kushoto.

Ningeweza kuiandika mwenyewe kwa jina lake. Ila mimi si mghushi. Mghushi haombi ruhusa. Kwa hiyo leo mchana nimeweka juu ya jeneza lake karatasi, kalamu, na bahasha yenye anwani na stempu. Nimemweleza kwa adabu kwamba asipopinga hadi kesho, nitahesabu amekubali.

Hakupinga. Sidhani. Nilipokuwa nafunga mlango niliona kumenyamaza kupita kawaida, kama chumba cha watu waliokuwa wakizungumza, kisha wewe ukaingia.

Alhamisi, 23 Aprili

Karatasi haipo. Bahasha haipo.

Kalamu ipo, kifuniko kimetolewa na kuwekwa kando, sambamba, kama wafanyavyo makarani. Nimeishika. Baridi yake ilinichoma vidole, nikaiangusha.

Ufunguo ni mmoja, nalala nao shingoni. Baba hajapanda kilima tangu Februari. Corinne? Alikuwa zahanati kutwa, nimeulizia. Basi ni panya. Nimejiambia hivyo njia nzima, kwa sauti. Nilipofika nyumbani nilikuwa nakimbia.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimerudi. Mwanamume haogopi panya.

Nimeona nipige kura, maana peke yangu siamui. Nikasimama katikati, nikasema: wanaotaka nibaki, watoe ishara. Kuna maji hudondoka kwenye pembe siku hizi, theluji ya juu ya paa inayeyuka. Yakaacha kudondoka. Kimya. Wanasema kimya kingi kina mshindo, na kweli masikio yaliniuma.

Nikasema: wanaotaka niende?

Tone. Tone. Tone. Nikahesabu. Kumi na moja, halafu basi.

Nikarudia swali, kwa ajili ya haki. Kumi na moja tena. Nikatoka nje haraka. Lakini nimefikiri sana njiani, na uamuzi wangu ni kwamba maji hayana haki ya kupiga kura. Matokeo: kura kumi na moja zimeharibika. Uchaguzi utarudiwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Baba ametangaza mezani kwamba udongo umelainika. Alhamisi tunazika wote, Mchungaji keshajua, na kina mama wa kanisa wataoka viazi na nyama ya kusaga. Nikasema nitabeba, mgongo wake usiguse kitu. Akasema ndugu wawili wa kina Lund watakuja kubeba, na wamekubali kazi hiyo daima. Ameshapeana nao mikono.

Nimeumia. Namlea mzee, kumbe ananitafutia mbadala! Nikamwambia anajitia ushujaa tu, hawezi kukaa bila mimi.

Akaendelea kula. Baba hula chakula chote kwanza ndipo aseme. Alipomaliza akafuta mdomo.

"Wale kule juu tumewaweka wangoje kwa sababu udongo umegoma," akasema. "Wewe hujafa, mwanangu. Unangoja nini?"

Nikasema nangoja kuwa na hakika.

"Mimi nimezika watu waliokuwa na hakika miaka arobaini na moja," akasema. "Osha sahani yako."

Nimeosha. Lazima anaogopa upweke. Wazee hawasemi waziwazi.

Jumatano, 29 Aprili

 Nitaandika polepole.

Saa nne asubuhi simu imelia. Bi. Imelda Quarles, msimamizi wa masomo, Philadelphia. Amesema saa zangu ziliwatia shaka, maana hawakuielewa ile fomu, lakini barua ya mapendekezo imemaliza maneno. Hajawahi kupokea barua ya namna hiyo. Nikauliza barua gani. Akasema ya Bi. Alma Sorvig, wino umechuruzika kidogo kama karatasi ilipata maji, muhuri wa posta ni wa Ringstad, tarehe ishirini na tatu Aprili. Akanisomea. Nimeandika kadiri nilivyokumbuka:

"Orrin Tvedt ametutembelea kila siku tangu baridi ianze. Hajawahi kuondoka mapema. Anatusomea barua zenu, na faida, na hasara, mpaka nasi tumezikariri. Ni mpole na mikono yake ina huruma. Hiyo kemia ataiweza, anaogopa bure. Lakini siku hizi akifika mlangoni haondoki. Anageuka, anaitazama rafu moja iliyobaki wazi. Kila siku anaitazama zaidi ya jana. Tafadhali mchukueni upesi."

Chini yake, amesema, kuna sahihi nyingine kumi. Akauliza kama ni wenzake Bi. Sorvig wa kazini. Akanisomea majina. Nayajua yote. Niliyaandika mimi, kwenye vibao vya majeneza.

Niliogopa. Naandika wazi: niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na kuhusu rafu, ni kweli. Nilidhani hakuna anayeona.

Bi. Quarles akasema nafasi ni yangu. Je, naipokea?

Basi nikajibu kama nilivyolelewa. Nikasema hapana, msijisumbue kwa ajili yangu. Akashangaa, akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, mpeni mwenye kuihitaji zaidi. Akasema anasikitika, ananielewa, kila la heri. Akakata.

Akakata! Kila mtu mwenye mama anajua kwamba ukipewa hata kikombe cha kahawa unakataa mara mbili, ya tatu unapokea na kushukuru. Hawa watu wa Philadelphia wamelelewa na nani? Nimekaa kando ya simu mpaka jioni. Atakumbuka tu kuuliza mara ya tatu.

Alhamisi, 30 Aprili

Tumezika kumi na mmoja. Kina Lund wamebeba vizuri, sina la kuwakosoa, ingawa nilitafuta. Bi. Sorvig alikuwa wa mwisho. Nilipoinama kulegeza kamba niliona michirizi ya upepo kwenye udongo, hakuna zaidi, lakini nilisikia wazi mtu akivuta pumzi ya kuchoka, kama karani aliyeitwa tena dirishani saa ya kufunga. Baba naye aligeuza kichwa. 

Wakati wa kahawa Corinne alinijia. Wamempigia asubuhi, nafasi imekuwa wazi ghafla, na amekubali palepale. Nikamuuliza walimwuliza mara ngapi.

"Mara moja," akasema. "Kwani ilitakiwa ngapi?"

Hana haya. Nimempongeza, nikakataa keki mara mbili, na alipokuja na sahani kwa mara ya tatu nikala vipande vinne.

Baba amefungua mlango wa chumba cha mawe ili kikauke. Sikupanda.

Ijumaa, 1 Mei

Siku ya mwisho. Nimekaa karibu na simu tangu saa moja asubuhi. Baba amepita mara tano, na kila mara amepumua kwa nguvu.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi ikalia. Nikaipokea kabla mlio haujaisha.

Si Bi. Quarles. Sauti ya mwanamke mzee, ya mbali sana, yenye subira ya kulazimishwa. Akaniita jina langu lote, Orrin Gerhard Tvedt, kama alivyolitaja alipopiga simu nyumbani siku nilizotoroka shule. Nilimtambua kwa neno la kwanza. Nikakaa sakafuni na waya wa simu shingoni.

Akasema amezungumza na watu wa chuo. Imepatikana nafasi moja zaidi, na wameiweka mpaka saa kumi na moja. Wenzake wote kumi wanaombea niipate. Natakiwa kusema ndiyo tu, yeye atafikisha.

"Orrin, unaitaka?" akauliza.

 Naitaka! Sijataka kitu hivyo maishani mwangu. Lakini nikafikiri haraka: zile mbili zilikuwa za Bi. Quarles. Huyu ni mtu mwingine. Kwa mtu mwingine hesabu inaanza upya, na haswa kwa mtu wa umri wake.

Nikasema hapana, Bi. Sorvig, msijisumbue kwa ajili yangu.

 Kisha simu ikakatwa, taratibu, kwa adabu.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Sijabanduka hapa. Yeye ni mtu wa Ringstad, anazijua taratibu. Bado aniulize mara mbili.