Uzaramo Wangu kwenye Mawe ya Lugembe

Jumatatu, 10 Juni 1974

Tangazo limebandikwa ofisi ya mkoa. Inatafutwa picha moja ya mandhari ya kwetu, itundikwe kwenye banda la Tabora siku ya Saba Saba, Dar es Salaam. Mpiga picha atasafiri nayo. Yaani mimi! Nani mwingine? Kornel, mpiga picha mwenzangu, naye anajaribu, lakini Kornel anajua kupiga harusi tu.

Nimeshachagua. Mawe ya Lugembe, pale njia ya zamani ya misafara inapopenya korongoni. Sijawahi kufika, ila marehemu babu aliyataja sana. Tatizo ni kamera. Yangu imeingia maji. Shemeji Selemani amekataa katakata kuniazima yake, maana ndiyo anayopigia picha za kadi za chama na ndiyo inayolisha watoto wake. Mke wangu Tatu akaenda kumbembeleza kaka yake mpaka akalegea. Amerudi akaniambia kwamba amenidhamini yeye mwenyewe, na nikiipoteza hana uso wa kwenda kwao tena. Nimemwambia awe na amani. Hakuonekana kuwa nayo.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wangu ulikuwa huu. Mtu wa Tabora mjini akienda kijijini, nani atamjali? Ataambiwa asubiri mwenyekiti, na mwenyekiti yuko shambani. Lakini mtu wa Dar! Nikavaa suti ya Kaunda, miwani ya jua na viatu vya ngozi. Lori la tumbaku likanishusha njia panda, nikatembea hadi Lugembe jasho likinitoka.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kashindye, alikuwepo. Sikumwamkia hata shikamoo. Nikampa mkono kama wafanyavyo wakubwa. Akauliza natoka wapi. Dar es Salaam, nikasema. Kabila gani? Mzaramo, nikasema, wa Kisarawe hasa.

Watu wakatazamana. Kisha vigelegele! Nikajua mambo yamejipa. Nikawa nainamisha kichwa kama mgeni rasmi, mpaka Bi Bernadeta, mama mtu mzima, akaja na majivu kiganjani akanipaka uso mzima.

Utani! Kila mtoto wa Tabora anajua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukunyang'anya chochote nawe usinune. Mimi nilisahau. Viatu vikaenda. Miwani ikaenda. Kamera ikaishia shingoni mwa Mzee Kashindye, akatangaza kwamba Mzaramo ataikomboa kwa kupukuchua mahindi ya kijiji.

Ningefanya nini? Kukasirika ni aibu. Kusema nimedanganya ni aibu zaidi. Nimepukuchua mpaka vidole vimechubuka. Jioni wamenipa ugali kwa kuku, wakanitukania ukoo wote wa pwani, nami nikawajibu. Bi Bernadeta amesema mimi ni mume wake na nimemtoroka miaka. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Alhamisi, 13 Juni

Sijui niandike vipi. Asubuhi tulipanda kwenye mawe, karibu nusu ya kijiji, mimi pekupeku na majivu mapya usoni. Miiba hainijui. Lakini jamani, mawe yale! Makubwa kuliko nyumba, yamepandana, la juu nono na la chini dogo, na hayaanguki. Katikati kuna upenyo, na chini pamelainika kwa nyayo za wapagazi. Jua liliyafanya mekundu. Nikamsihi Mzee Kashindye anipe kamera. Akaigeuza nyuma mbele, akajichungulia mwenyewe. Watu hoi, nami hoi.

Hapo akatokea Kornel. Alipiga picha yake kutoka mbali, kisha akaja kutuamkia. Akaniita Twalibu. Akauliza habari za Ng'ambo, mtaani kwangu, na kama Tatu hajambo. Sidhani alikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniuma.

Mzee Kashindye akauliza Mzaramo wa Kisarawe anaishije Ng'ambo ya Tabora. Kornel akacheka, akasema huyu kazaliwa hapo hapo, babu yake Mmanyema, alikuja na misafara akibeba pembe.

Hakuna aliyecheka naye. Mzee akaivua kamera, akaifuta kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili. Viatu vikaletwa. Miwani ikaletwa. Bi Bernadeta akanimiminia maji ninawe, akaniita mgeni, akaniomba radhi kwa majivu. Mgeni! Mzee akasema tu, kwa upole, kwamba ningemtaja babu wangenionyesha jiwe walilopumzikia wapagazi wa Kimanyema.

Kamera ninayo mkononi, mawe mbele yangu, jua zuri. Sikuweza kuinua mkono. Niliona haya hata kuyatazama. Nikashuka peke yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Kamera imerudi salama. Shemeji akaikagua, akakuta filamu haijaguswa, akaifungia kabatini. Tatu nikamweleza yote. Nilidhani atacheka. Akasema alimpigia kaka yake magoti ili nikapige picha mahali alipopita babu yangu, kumbe nilikwenda kumkana. Chakula aliniwekea. Nilikifunika, nikalala.

Jumatano, 26 Juni

Kornel ameshinda. Picha imetundikwa ofisi ya mkoa. Mawe juu, kijiji chini, na katikati mtu pekupeku, uso mweupe kwa majivu, kinywa wazi kwa kicheko. Mimi! Chini wameandika kwamba ni Mzaramo akipokewa na watani zake. Nimepita uchochoroni kurudi nyumbani.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeamka na akili mpya. Baba yake Kornel amelazwa hospitali ya Kitete, kwa hiyo Kornel hasafiri. Ofisi inataka mtu wa kusimama bandani kuwaeleza watu ile picha. Nimejitolea, wamekubali! Tatu ameuliza kama nimejifunza kitu. Nimejifunza sana. Uzaramo basi, nimekoma. Dar imejaa Wazaramo, wangeniumbua siku ya kwanza. Safari hii nitajitambulisha kwao kuwa Mnyamwezi halisi. Jirani Mussa ameniazima saa yake ya mkono na koti lake la Idi, ili Wazaramo wanipokee vizuri.