Daktari Thomas Ameshinda Tena

Wako watu ambao wakimwona mwenzao anateseka humpa pole papo hapo. Manase naye alikuwa na moyo wa huruma, ila kwanza alipenda kujua mateso hayo yana thamani ya faranga ngapi. Ndiyo maana Jumanne ile, akiwa amelala chali chumbani kwake Shatanya, mjini Gitega, simu ikiwa juu ya kifua, aliinuka ghafla alipofika kwenye tangazo la Mama Melania wa Magarama.

Tangazo lenyewe halikuwa na kasoro. Mashine ya kufuma masweta, imetumika, nzima, faranga milioni moja na nusu. Picha tatu, moja ikiwa na paka. Kilichomvutia Manase ni yale yaliyoandikwa chini yake kwa wiki tatu mfululizo. Watu ishirini na wanane waliuliza "Iko?" na mama akamjibu kila mmoja kwamba iko, nao wakanyamaza moja kwa moja. Kumi na tisa waliuliza "Prix ya mwisho?" kabla hata ya kuuliza bei ya kwanza. Mmoja alitaka wabadilishane kwa mbuzi wawili na redio isiyoshika stesheni. Mwingine alitaka kujua kama inashona pia viatu. Bwana mmoja wa Giheta alisema mashine haihitaji, ila yule mama aliye pichani je, ameolewa? Na yuko aliyeahidi kuja Jumamosi saa nne na pesa taslimu. Mama akapanga viti, akachemsha chai, akaacha kwenda sokoni, na yule mtu hadi leo hajulikani alipopotelea. Neno la mwisho la Mama Melania lilikuwa fupi: "Nimechoka. Mungu iko anawaona."

Manase alisoma mara mbili. Muuzaji aliyechoka namna hiyo, alijua, hauzi tena, anatupa.

Tumfahamu kidogo bwana huyu. Alizaliwa na wazazi wakimbizi, akakulia kambini huko Kigoma, akarudi Burundi kijana mkubwa akiwa na begi moja na Kiswahili kilichonyooka. Mjini Gitega watu waliosikia mtu akisema "kwa mujibu wa utaratibu" bila kupepesa macho walidhani ana karatasi ya serikali nyuma yake. Kwa Kiswahili hicho alianzisha kundi la WhatsApp, Mnada wa Uaminifu Gitega, lenye watu mia mbili na kumi na wanne. Wanachama hawakujua kwamba watatu kati yao ni Manase mwenyewe. Alikuwa na simu mbili na laini nne: moja ya jina lake, moja ya Leonardi, moja ya Adventina, na moja ya Daktari Thomas, mtu mwenye pesa nyingi na nafasi ndogo.

Kazi yao ilikwenda hivi. Kitu kikiwekwa mnadani, Leonardi alitoa bei ya kinyonge. Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, Daktari Thomas alitupa bei ya kutisha, watu wakashika adabu. Saa ya kufunga ikifika daktari anashinda, kisha anapotea. Ana mgonjwa, ana safari, simu imeingia maji. Hapo inaamka kanuni ya saba ya kundi: mshindi asipotokea, kitu kinakwenda kwa wa pili kwa bei yake ileile, na muuzaji asilete maneno. Wa pili ni Leonardi siku zote. Adventina alikuwepo wa kumsifu kila mtu kwa uaminifu.

Lakini safari hii Manase hakutaka tu faida. Kulikuwa na Mama Khatija wa Muyinga, muuza vitambaa na nyuzi, ambaye babu yake aliingia nchini na mzigo wa khanga na ukoo wote ukabaki dukani. Shule tatu zilikuwa zimemwagiza masweta mia tatu kabla ya Septemba. Nyuzi alikuwa nazo hadi dari. Mashine hakuwa nayo. Alikuwa amemwambia Manase kwamba akimletea mashine inayofuma atampa milioni moja na laki sita, na juu yake chumba cha mbele cha duka, kinachotazama barabara ya soko, akitumie mwaka mzima bila kodi. Manase alikitaka chumba kile mpaka kikamwuma. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hajawahi kuwa na mlango ambao mtu anaweza kuugonga akamkuta. Alitaka kiti cha kuzunguka, alitaka kibao chenye jina lake, alitaka watu wamdanganye yeye kwa heshima.

Msomaji ataona kwamba mtu mwenye akili za kawaida angempigia Mama Khatija, akampa namba ya Mama Melania, akaomba ujira wake na chumba chake, wote wakalala vizuri. Manase hakuwa na akili za kawaida. Alikwenda Magarama, akampa mama pole ya dakika ishirini, akalaani kizazi hiki cha "Iko? Iko?", akamwonyesha hatua kwa hatua namna ya kuweka kitu kwenye mnada: picha hivi, bei ya kuanzia hivi, saa ya kufunga hivi. Mama alifuata kwa makini, akiuliza kila kitu mara mbili.

Kesho yake mnada ulikwenda kama kawaida. Leonardi alisema laki nne. Daktari Thomas alisema milioni moja na laki nane. Kundi zima likaduwaa. Mama Melania, kwa siku moja tu, alifurahi sana. Akamwambia jirani yake Mzee Venansi kwamba mwishowe amepata mtu msomi. Baada ya hapo daktari hakushika simu tena, kanuni ya saba ikasomwa kwa masikitiko, na mama, ambaye mwezi mzima hakuwa na mtu hata mmoja wa kumfumia kitu Gitega na alishaamua kuuza mchele, akasema basi, Leonardi achukue. Huwezi kuwaita watu wote wezi, alijiambia, halafu ukapata wa kumwuzia.

Jumatatu iliyofuata Manase alifika na kamyoneti ya kukodi kuchukua mzigo kwa niaba ya Leonardi. Mafuta ya gari siku hizo yalitafutwa kwa maombi, na dereva alishamwambia akichelewa saa moja bei inapanda. Uani alikuta mashine imeshafungwa ndani ya sanduku mlangoni, viti sita, Mzee Venansi na majirani wanne wamekaa wima, na katikati yao hakuna kitu. Pale ndipo ilipopaswa kukaa kreti ya bia, na kreti hiyo hununuliwa na mnunuzi.

Mama Melania alimweleza taratibu kwamba kwao kitu kilichotumika hakiuzwi kikavu. Mashahidi wanakunywa, muuzaji anasema mbele yao kitu hiki ni kizima au kina kilema, mnunuzi anakagua, kisha wote wanakuwa na neno moja.

"Ndugu yangu, kitu haitokake bila watu kunywa," alisema. "Na iko kitu moja bado ndani, ya mashine. Tukimaliza kunywa nitakupatia."

Manase alimtazama Mzee Venansi, aliyekuwa amekuja na kifungulio chake mwenyewe, akapiga hesabu ya kreti. Kambini alikokulia hakuna aliyeuziana sufuria kwa sherehe. Ulitoa pesa, ukabeba. Aliona wazi kwamba hiyo "kitu moja" ni chambo cha kumkalisha ili mtaa mzima ulewe kwa gharama yake. Akatabasamu, akasimama katikati ya viti, akaweka mkono kifuani.

"Mama yangu, mimi si mtu wa kukukamua. Laki nne zako hizi hapa. Mashine iliyo ndani ya sanduku inanitosha. Chochote kilichobaki ndani ya nyumba ni chako, nakuachia kwa roho safi. Mzee Venansi, wewe ni shahidi wangu."

Mzee Venansi alisema amesikia. Majirani wanne nao walisema wamesikia. Mama Melania alimwuliza kama ana hakika, Manase akasema ana hakika kabisa, akapanda kamyoneti. Hakufungua sanduku. Mtu asiyejua mashine hata angelifungua angeona chuma na sindano nyingi, akaridhika.

Barabara ya Karuzi ilikuwa nzuri siku hiyo, na Manase alifika Muyinga akiwa tayari amechagua rangi ya kibao. Mama Khatija aliita watu wawili wa kubeba, akafungua sanduku juu ya meza, akapitisha kidole juu ya sindano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha akaangalia chini ya meza. Kisha ndani ya sanduku tena.

Aliuliza kigari kiko wapi. Manase aliuliza kigari gani. Mama Khatija akamweleza kwa upole, vile mtu anavyomweleza mgonjwa: kile kipande kinachopitishwa juu ya sindano kwenda na kurudi, ndicho kinachofuma. Bila hicho, hii ni benchi ya chuma isiyokalika. Akampa hadi Jumamosi. Mashine ikifuma, pesa na chumba. Isipofuma, kuna mtu wa Giteranyi ambaye naye anakitaka chumba.

Manase alitoka barazani, akampigia Mama Melania. Mama hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kigari anacho, kizima, amekipaka mafuta. Ila si yeye Manase aliyemwachia mbele ya watu watano? Na kwa kuwa ni chake, ameshakiweka kwenye mnada, kama alivyofundishwa. Manase alifungua simu na kukikuta kweli: picha tatu, bei ya kuanzia laki moja, mnada unafungwa leo saa kumi.

Mtu mwingine angemwambia mama ukweli, akalia kidogo, akapewa nafuu. Manase alirudi ndani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi na kufanya alichokijua. Leonardi alisema laki moja na elfu kumi. Daktari Thomas alisema milioni mbili. Adventina akaandika kwamba hili ndilo kundi la waungwana. Saa kumi ikafika. Daktari Thomas alikuwa ameshinda tena.

Sasa, muuzaji aliyetoswa mara moja husubiri ujumbe. Aliyetoswa mara nyingi hujifunza kupiga simu. Dakika ya kwanza tu baada ya kufunga, Mama Melania alimpigia Daktari Thomas, na mfuko wa kushoto wa Manase ukaanza kuimba. Aliubana kwa kiwiko. Ukaimba ukakoma. Mama, kwa kuifahamu vizuri kanuni ya saba, akampigia Leonardi. Mfuko wa kulia ukaitikia.

Mama Khatija aliacha kukunja kitambaa. "Bwana Manase," alisema, "watu wako wanakutafuta pande zote."

Manase alisema ni mtandao tu, unachanganya laini. Alizitoa simu ili azizime, na kwa haraka yake moja ikaangukia juu ya meza ya kukatia, ikilia upya, uso juu. Mama Khatija akasoma jina la anayepiga, Melania Mashine, akainua simu bila kuomba ruhusa, akamsikia mama akiwaulizia Daktari Thomas na Leonardi habari ya kigari.

"Allô, mama. Daktari Thomas haiko hapa. Leonardi naye haiko. Hapa iko Manase, na simu zote ni zake. Mi ni Khatija wa Muyinga. Hiyo kigari iko kwako kweli?"

Walizungumza robo saa. Manase alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, akisikiliza biashara yake ikihama. Walianza na kigari, wakafika kwenye nyuzi, wakafika kwenye masweta mia tatu, na Mama Khatija akauliza kama huko Gitega kuna mtu anayeijua kazi hiyo, maana hata mashine ikikamilika yeye mwenyewe hawezi kufuma hata mstari mmoja. Kisha Mama Melania akacheka kicheko kirefu, na Manase akaelewa kwamba chumba kimekwenda. Roho ilimwuma kweli, tusimfiche. Alikuwa ameshakipangia hata mahali pa kalenda.

Alhamisi Mama Melania alishuka Muyinga na kikapu, kigari kikiwa kimeviringishwa kwenye taulo, na Mzee Venansi nyuma yake kwa ajili ya ushahidi. Nyumba ya Mama Khatija haina pombe, kwa hiyo walikunywa chai ya tangawizi na Fanta, na mzee alikunywa ya kwake kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Mbele ya mashahidi ilisemwa kwamba kigari ni laki saba. Ilisemwa pia kwamba benchi ya chuma ya Bwana Manase ni laki tatu, na akitaka aibebe arudi nayo Gitega, kwa mafuta anayoyajua mwenyewe. Manase, aliyeinunua kwa laki nne, alikubali. Wakampa Fanta, akanywa, kwa kuwa safari hii hakuthubutu kukataa kinywaji cha mashahidi.

Kigari kilipopita mara ya kwanza juu ya sindano, mashine ikatoa sauti yake ya kukwaruza, na kipande cha bluu kikaanza kushuka chini ya meza. Mama Melania hakumtazama Manase. Alikuwa anaangalia dirisha la chumba cha mbele, akipima kwa macho mahali pa kuweka meza ili mwanga uingie kushoto.

Manase alirudi Gitega kwenye basi, kiti cha nyuma kabisa. Alijipa moyo. Akili ni nywele, alijiambia, na zake zitaota tena. Mashine moja si mwisho wa dunia, kundi bado lipo, watu mia mbili na zaidi wenye friji mbovu na magodoro ya kuuza. Hakujua kwamba Mzee Venansi, ambaye hakusamehe kreti ile, alikuwa amekaa kwenye baraza la Mama Khatija akirekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba, wenye majina yote, wa kuwatumia wanachama wenzake mmoja mmoja.

Karibu na Karuzi simu ilianza kutikisika. Venansi ametoka kwenye kundi. Anisia ametoka. Efrazia ametoka. Aboubakar ametoka. Alidhani ni mtandao. Walitoka wawili wawili, wakatoka kumi kumi, wengine wakiacha neno moja la kuaga na wengine hata hilo hawakuacha, hadi basi linaingia stendi ya Gitega Mnada wa Uaminifu ulikuwa umebakiwa na wanachama wanne.

Manase alisimama kando ya stendi na begi lake. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kukata tamaa hadharani, aliandika: "Wapendwa, mnada wa kesho upo palepale, saa kumi." Akatuma, na simu zake zikalia mara tatu.