Punje za Daku

Jumatatu, 16 Septemba 1974
Mwezi umeandama. Kesho tunafunga, na jua la Tabora mwezi huu halina huruma. Mke wangu Mwanne ametoa onyo mapema. Mwaka jana jirani yetu Twalibu alinikuta mchana wa Ramadhani nyuma ya choo na kipande cha muhogo, mtaa mzima ukaniita kobe. Nikiitwa kobe tena, anapanda treni kwenda kwao Igalula. Amesema bila kupandisha sauti. Hiyo ndiyo mbaya.

Sina wasiwasi. Nina mpango.

Jumatano, 18 Septemba
Binamu yangu Omari, wa kiwanda cha kanga Dar es Salaam, aliniletea unga wa mwani. Wao huzitia rangi uzito kwa unga huo, zisichuruzike kitambaani. Mimi nimeukoroga na maji. Kisha nikachanganya asali na chokaa ya tambuu, nikaidondosha humo kwa kichupa cha dawa ya macho. Ajabu! Kila tone limejivika ngozi! Ndoo nzima ya punje kama mayai ya chura.

Nitazimeza wakati wa daku, zitanitolea maji na utamu kidogo kidogo hadi magharibi. Kilichoingia kabla ya alfajiri hakifunguzi. Shehe sikumwuliza. Ana shughuli nyingi.

Nilitia chache kwenye glasi ya maji. Zikanenepa, maji yakapungua. Mwanne akauliza kama zinatoa maji au zinakunywa. Nikamweleza kwamba ghala hujazwa kwanza. Wanawake!

Ijumaa, 20 Septemba
Nimemeza bakuli zima. Maji sikunywa. Ya nini?

Kabla ya adhuhuri ulimi umekuwa soli ya kiatu. Punje zimeninywa mimi! Nikawahi msikitini, bombani. Kutawadha si kosa. Nikasukutua kwa makini. Funda moja likapotea njia, hutokea. Twalibu akaropoka mbele ya watu, “Bwana Yahaya, unatawadha au unajaza mtungi?” Watoto wakanisindikiza hadi mlangoni: kobe, kobe!

Jumamosi, 21 Septemba
Mwanne ameondoka. Kwanza amemwaga ndoo yangu ya punje kwenye tuta lake la mchicha na kuzifukia. Kasema mchicha angalau haujifanyi umefunga. Nchi inahimiza kujitegemea, mimi nahujumiwa uani kwangu!

Jumatano, 2 Oktoba
Mchicha wa mtaa mzima umekauka. Wa Mwanne umesimama, kijani kibichi, nami nimeumwagilia mara moja tu. Twalibu amekuja kwa adabu nisiyoizoea, anauliza naweka nini. Eti katika kijiji kipya cha Ujamaa alikohamia kaka yake mboga zinakufa kwa ukame, na wangenipokea kwa ngoma. Habari imefika hadi Igalula. Mwanne ametuma salamu: Jumamosi anakuja kuuona mchicha wake, na huenda akabaki.

Nimemfukuza Twalibu. Mwizi wa siri!

Kisha nikafukua. Punje zangu zimo humo humo mizizini, nono, zimejaa maji. Kumbe ghala limejaa! Nimeng’oa mchicha wote, nimezisuuza, zimerudi ndooni. Daku la kesho nameza zote.

Mwanne akifika Jumamosi, atamkuta mwanamume aliyefunga.