Nani Amefunga Kikao Changu?

Wenzangu wa chuo cha ualimu,

Leo nimevuliwa nguo hadharani, nikiwa nimevaa suti. Nawaandikia mwenyewe kabla habari haijawafikia kwa njia ya uvumi, maana mnajua jinsi ninavyouchukia uvumi.

Chebet, binti wa jirani yangu, ameomba nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo. Kilichokuwa kimebaki ni barua ya mwalimu wake wa zamani, yaani mimi. Chuo chenyewe hakitaki karatasi. Barua iandikwe katika tovuti yao, na mlango ufungwe leo saa sita mchana. Isipofika, Chebet arudi kuchuma majani chai.

Saa nne u nusu tukaingia kwenye chumba cha intaneti mjini Kericho. Mwenye chumba ni Grace, niliyemfundisha darasa la nane. (Nilimpokonya karatasi ya mtihani akiwa katikati ya sentensi. Kengele ilikuwa imelia. Sheria ni sheria.) Akaunganisha laini ya simu, mashine ikalia kama ndama aliyekosa maziwa, nikaingia kwa neno la siri nililotumiwa na chuo.

"Mwalimu," Grace akasema, "hiyo kitu ukikaa sana bila kubonyeza, inakutoa nje."

"Nani amekuambia?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Imeandikwa wapi? Na ni hicho kitu, si hiyo kitu."

Akainua mabega, akaenda zake.

Nikaandika. Aya tano! Kwa kidole kimoja! Nilieleza jinsi Chebet alivyokuwa akifika shuleni kabla yangu, akiwa ameshakama ng'ombe watatu. Niliondoa mkato mmoja, nikautafakari, nikaurudisha. Chebet alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, macho kwenye saa ya ukutani.

"Mwalimu, bado?"

"Barua nzuri haikimbizwi."

Saa sita kasorobo nikatia nukta ya mwisho, nikabonyeza kitufe cha kutuma.

Ukurasa ukawa mweupe. Kisha yakatokea maneno ya Kiingereza ambayo, kwa tafsiri yangu ya papo hapo, yalisema: kikao chako kimekwisha, ingia upya.

Kikao! Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kununulia majani chai na wa kamati ya ujenzi wa kanisa. (Na ya maji.) Kwetu kikao hufungwa na mwenyekiti, tena kwa sala. Nikasimama.

"Nani amefunga kikao changu?" Chumba kizima kikanigeukia. "Nauliza! Nani amekifunga, na ni nani aliyeomba sala ya mwisho?"

Bwana mmoja kwenye mashine ya jirani akavua kofia, akainamisha kichwa.

Nikaurudia ukurasa wangu. Kisanduku kilikuwa kitupu. Aya tano, na hata ule mkato! Chebet alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Woi, Mwalimu."

"Lakini nilikuwa naandika muda wote!" nikamwambia Grace.

"Kuandika haihesabiki. Kompyuta ya chuo iko mbali, haioni vidole vyako. Inajua bado uko, ukibonyeza hapa kwa kuhifadhi. Ukinyamaza, inafikiri umeenda nyumbani."

"Imeandikwa wapi?" Swali hilo ndilo pekee lililokuwa limebaki mkononi mwangu.

Grace akainama, akaweka kidole juu kabisa ya skrini, penye mstari mwekundu. Akasema kwa sauti niliyoitambua, kwa sababu ni yangu: "Simama wima. Soma maagizo kwa sauti, darasa lisikie."

Nikasoma. (Kusimama nilikuwa nimeshasimama.) "Hifadhi kazi yako mara kwa mara. Ukikaa dakika ishirini bila kuhifadhi, utatolewa, na kazi yako itapotea."

Miaka thelathini na mmoja nimewaambia watoto wasome maagizo kwanza!

Zilibaki dakika tisa. Grace akakaa kwenye mashine, akaingia upya, mimi nikataja maneno, Chebet akahesabu dakika kwa sauti. Zikatoka sentensi tatu. Hufika mapema. Hajawahi kunidanganya. Mgonjwa atakayeuguzwa naye atakuwa na bahati. Nikafungua kinywa kuongeza ya nne, kuhusu mwenendo wake kwa jumla.

"Kalamu chini, Mwalimu," Grace akasema, akabonyeza.

Sekunde zikapita. Kisha: imepokelewa. Saa sita kasoro dakika moja! Chebet akalia. Mimi nikafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Mlangoni nikamuuliza Grace ile sentensi niliyomkatiza darasa la nane ilikuwa inaelekea wapi.

"Nimesahau, Mwalimu. Sikuwa nimehifadhi."

Naomba msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia, acheke upesi: ana dakika ishirini.