Bonyeza Mbili Kama Unataka Taka

Jumatatu, 12 Mei 2025. Iyunga, Mbeya.

Leo historia imeanza na hakuna aliyeitambua isipokuwa mimi. Saa nne asubuhi nimewasha Zunguka. Ni roboti wa WhatsApp. Mwenye taka anaandika, mwenye kuzihitaji anaandika, roboti anawakutanisha. Hakitatupwa kitu tena Mbeya hii! Amenitengenezea Aroni, fundi kompyuta wa Mwanjelwa, nikampa jokofu letu la zamani. Mke wangu Batuli anadhani jokofu liko kwa fundi. Ni kweli. Liko kwa fundi.

Ujumbe wa kukaribisha nimeutunga mwenyewe: "Karibu Zunguka! Bonyeza 1 kama una taka. Bonyeza 2 kama unataka taka." Mfupi. Unaeleweka. Aroni alisema utachanganya watu. Nimemwambia ashughulike na kompyuta zake, Kiswahili aniachie mimi, baba yangu alitoka Tanga.

Jumamosi wanakuja watu wa mradi kutoka Iringa, wakiongozwa na bwana anayeitwa Adrian. Wanatafuta mtu wa kusimamia uchumi wa mzunguko kwa njia ya kidijitali, Nyanda za Juu Kusini zote. Nimeshawaambia majirani kwamba mtu huyo ni mimi. Kalinga, jirani yangu anayefyatua matofali, aliuliza hao watu wamelisema hilo lini. Swali la kijicho.

Saa tisa: namba yangu imefungiwa. Eti nimetuma ujumbe uleule kwa watu mia nne. Sasa nilitakiwa kumwandikia kila mmoja barua?

Jumanne, 13 Mei.

Tatizo limekwisha. Batuli ana namba nzuri, ya siku nyingi, yenye watu wengi. Wateja wake wote wa vitumbua wanaagiza humo. Nimeihamishia WhatsApp yake kwenye simu yangu na kumweka roboti ndani. Batuli nimemwambia WhatsApp iko kwenye matengenezo, itarudi baada ya siku chache. Aliuliza matengenezo ya nani. Nikasema ya dunia nzima. Akarudi jikoni. Mwanamke mwelewa.

Zunguka imepata wateja wake wa kwanza! Verediana, katibu wa kikundi cha akina mama wafuga kuku, anataka pumba, viroba ishirini. Kalinga naye (kijicho kimemwisha) anataka pumba, viroba ishirini. Na Clement, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Chimala, ana mlima wa pumba nyuma ya mashine na anaomba Mungu aje mtu auondoe. Roboti amewaunganisha wote kwa sekunde nne. Nimehesabu. Shedrack, dereva wa Fuso anayerudi tupu kutoka Igawa, ataleta mzigo kesho.

Nimetazama simu mpaka macho yakatoa machozi. Si kwa kulia. Kidogo kwa kulia.

Jumatano, 14 Mei.

Sijui nianzie wapi.

Kumbe kuna pumba na pumba. Kuna pumba laini, chakula cha kuku. Kuna pumba ngumu, maganda matupu, ya kuchomea matofali. Clement anazo zote mbili. Ombi la roboti lilisema "pumba" tu. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Roboti hakuuliza. Clement hakuuliza. Shedrack alipakia, akashusha, akaondoka.

Saa tano Verediana alifika mlangoni na kiganja cha maganda. Alisema kuku wake wameyaonja mara moja, halafu wamekaa wanamtazama. Alisema kikundi kina wajane tisa, kuku mia tatu, na mayai ndiyo ada za watoto wao. Alisema hayo taratibu, bila kupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Saa sita akaja Kalinga, mweusi kwa moshi. Ametia pumba laini kwenye tanuru. Haziwaki. Zinafuka na kunuka kama uji uliounguzwa, na kuku wa Iyunga nzima wamehamia pale, wanadonoa kuzunguka moto. Alisema tofali zake zimeiva upande mmoja. Nikamwambia upande mmoja ni nusu, si sifuri.

Hakucheka.

Nimewaahidi kwamba mfumo utarekebisha. Nimempigia Aroni. Anasema kuongeza swali la pumba gani ni kazi ya wiki. Wiki!

Vitumbua vya Batuli vimebaki leo. Anashangaa wateja wamekwenda wapi. Nimekula kumi na moja ili visitupwe. Huo nao ni uchumi wa mzunguko.

Alhamisi, 15 Mei.

Nimesalitiwa.

Asubuhi nimewakuta Verediana na Kalinga kwenye njia ya nyuma na mkokoteni. Wamebadilishana viroba. Kwa mdomo! Bila kubonyeza kitu! Kuku wanakula, tanuru linawaka. Tena Verediana amempigia Clement simu, wamepanga mzigo wa kila Jumatano, laini kwake, ngumu kwa Kalinga, na wakati wa kurudi Chimala Shedrack anabeba mbolea ya kuku kwa wakulima wa mpunga. Verediana ameandika yote kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga.

Wamenizunguka. Mimi, mwenye Zunguka!

Nimemwambia Verediana kwamba hiyo si teknolojia. Amenionyesha simu yake ya kitochi na kuniuliza hiki ni nini basi, ndizi?

Hata hivyo kuna habari njema. Roboti ameniletea ombi kubwa: viroba sitini vya pumba! Mteja mmoja, amejibu kwa namba, maneno ni ya anwani na saa tu. Nyumba iko nyuma ya msikiti, mzigo ufike Jumamosi asubuhi na mapema. Sijui anafuga nini, lakini nampenda. Nimemwagiza Shedrack. Watu wa mradi watakapofika Jumamosi nitawapeleka moja kwa moja wakaone viroba sitini vikiokoa mazingira.

Vitumbua vimebaki tena. Nimekula tisa. Batuli amenitazama nikila.

Ijumaa, 16 Mei.

Baada ya sala nimenyoa ndevu na kupiga pasi shati. Nimeandaa hotuba. Inaanza na "Waheshimiwa, taka ni nini?" Kisha nanyamaza kidogo wafikiri.

Batuli ameuliza tena habari ya WhatsApp. Nikamwambia wamebakiza kidogo. Alisema wiki hii hajapata oda hata moja, kitu ambacho hakijatokea tangu Hanifa wetu azaliwe. Anadhani kuna mwanamke wa Mwanjelwa anamrogea biashara. Hapo nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Nilifungua mdomo. Lakini kesho ndiyo siku yenyewe, na mtu havunji mfumo usiku wa kuamkia ukaguzi.

Ameloweka mchele kama kawaida. Amesema hata wasipokuja, yeye atapika.

Jumamosi, 17 Mei.

Nitaandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Saa moja asubuhi mlango umegongwa kwa ngumi. Ni Bi Mwanakhamisi wa nyuma ya msikiti, kavaa nguo za arusi, jasho linamtoka. Leo anamwoza binti yake. Aliagiza vitumbua vya watu sitini kwa Batuli, siku ya Alhamisi, WhatsApp. Akajibiwa bonyeza hivi, bonyeza vile. Aliona neno "unataka", akabonyeza mbili. Ikaja orodha kwa picha, bando lake likashindwa kuifungua. Akabonyeza moja, kumbe moja ni pumba. Akaulizwa ngapi, akasema sitini. Akaulizwa wapi na lini, akaeleza. Akajibiwa: "Ombi lako limekubaliwa. Asante kwa kutunza mazingira." Akasema moyoni, huyu Batuli siku hizi amekuwa na adabu!

Alfajiri ya leo Fuso la Shedrack limeshusha viroba sitini vya pumba ngumu kwenye turubai la arusi. Wageni wa kutoka Songea wamekalia pumba. Kitumbua hakuna hata kimoja.

Picha ilikuwa wazo langu. Niliona orodha ya maandishi haina mvuto.

Batuli alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Bi Mwanakhamisi kwanza, akamwambia dada yangu, nipe saa moja na nusu. Ndipo akanigeukia mimi.

"Baba Hanifa, WhatsApp yangu imefikia wapi na matengenezo?"

Nikampa simu. Alisoma zile oda zote, moja baada ya nyingine, amesimama. Wiki nzima ya watu. Yule mama wa stendi, yule mwalimu, yule mgonjwa ambaye hula kitumbua tu. Wote wameambiwa wabonyeze mbili kama wanataka taka. Sikuwahi kumwona Batuli akilia kwa sababu ya kazi. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akawasha moto.

Verediana alikuja akakamata chuma cha pili cha kuchomea vitumbua. Kalinga akabeba ndoo. Mimi niliambiwa nisiguse kitu chochote. Nikakaa kwenye kigoda. Ilikuwa vibaya sana kukaa pale. Saa mbili na nusu vitumbua vilitoka, vya moto, vya watu sitini na nyongeza, na Bi Mwanakhamisi akaondoka akimwombea dua Batuli. Mimi hakuniombea.

Saa nne wakafika watu wa mradi. Nilikuwa sina simu, sina roboti, shati lina moshi. Nikaanza: "Waheshimiwa, taka ni nini?" Nikanyamaza wafikiri. Katika kunyamaza huko Bwana Adrian akaona mkokoteni wa Kalinga na kuuliza ule unabeba nini. Verediana akaeleza. Akatoa daftari la twiga. Akampigia Clement palepale na kuweka spika. Dakika sita, basi. Bwana Adrian alipiga picha kila ukurasa wa lile daftari.

Wamemchukua Verediana. Watampa simu kubwa na mafunzo. Kalinga atakuwa msaidizi wake, upande wa usafirishaji. Nilimuuliza Bwana Adrian kama wanahitaji mtu wa maono. Alisema maono wanayo ya kutosha.

Jumapili, 18 Mei.

Batuli amezungumza nami mara tatu. Mara zote alikuwa anauliza jokofu liko wapi.

Jumatano, 21 Mei. Iringa.

Niko kwa kaka yangu Muharami. Batuli alisema nipumzike huku kidogo, na begi alinifungia mwenyewe. Namba yake ameirudisha, wateja wamerudi, Hanifa ameniambia leo vitumbua viliisha saa mbili. Nimefurahi. Kweli nimefurahi.

Nimepata muda wa kutafakari makosa. Nimeyaona. Ni mawili. Kosa la kwanza ni Mbeya. Watu wa kule hawajawa tayari. Kosa la pili ni mambo mengi: pumba, chupa, makatoni, orodha, picha. Mtumiaji anataka kitu kimoja, kwa neno moja.

Na Mungu hamtupi mja wake. Nyuma ya duka la kaka kuna karakana ya mbao ya mama mmoja, Faustina, na nyuma ya karakana kuna kilima cha unga wa mbao. Anaulipia kuutupa! Unga mzuri, mkavu, wa kutandikia mabanda na kuoteshea uyoga. Kaka ana namba ya dukani. Nimeandika tangazo. Kaka alisoma akashauri niseme "vumbi la mbao". Nimemwambia aniachie Kiswahili. Nani duniani anatamani vumbi? Hata neno "mbao" nimeliondoa, linarefusha.

Limetoka saa nane mchana, kwenye magrupu yote ya Iringa, misikiti na makanisa: "UNGA WA BURE. Dukani kwa Muharami, kesho saa mbili asubuhi. Njoo na ndoo."

Sasa ni saa tisa. Watu mia mbili na kumi wameshajibu. Kwaya moja inakuja na lori.